Siku Baba Aliposhika Mkuki

Harufu ya ndizi mbivu zilizofukiwa shimoni ikinipata hata leo, narudi uani kwetu kijijini Titye, mwaka baba aliporudi kutoka vita vya Uganda. Mimi darasa niliacha la nne, lakini kumbukumbu ninayo kuliko wenye vyeti, kwa hiyo nisikilizeni. Mama alikamua pombe ya ndizi mitungi sita, maana kwa Waha mtu aliyerudi vitani hunyweshwa, kisha hupewa mkuki, asimame mbele ya watu ajisifu. Kila sifa anayotaja, watu huitikia. Mimi nilikwisha kujisifu kwa wenzangu machungani kwamba baba ameua ishirini, na niliapa watayasikia kwa masikio yao. Njia ya mwongo ni fupi, ila mimi yangu niliiona ndefu.

Mchana huo akaja Mama Yohana kwa miguu kutoka Rungwe Mpya. Mwanawe aliondoka na baba, hakurudi, na maneno yalikuwa yameenea kwamba Yohana alitoroka vitani, kwamba anajificha kwa aibu. Mama huyo hakuwa ameweka matanga. Atamliliaje mtu anayesemwa yuko hai? Alikaa kwenye kigoda karibu na mitungi, pombe hakuigusa, macho kwa baba.

Baba akapewa mkuki wa babu. Nikawakonyeza wenzangu. Akasema, kwa sauti ya kujisifu kama desturi inavyotaka: “Mimi ndiye niliyechimba handaki siku tatu mvua ikinyesha, maji yakanifika kiunoni.” Watu wakaitikia. “Mimi ndiye niliyejikojolea mzinga ulipolia.” Wakacheka, mzee mmoja akamwambia, shemeji, hiyo hata mbuzi anaweza. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Wenzangu walikuwa wananitazama mimi, si yeye. Baba hakucheka. Akaendelea: njaa, chawa, viatu vilivyooza miguuni, risasi alizopiga gizani bila kujua zimempata nani. Waitikiaji wakapungua, mwisho wakanyamaza.

“Mimi ndiye niliyembeba Yohana mgongoni tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Hakukimbia. Alipigwa akiwa mbele yangu. Nikampa maji kwa kifuniko cha chupa, akaniambia, mwambie mama asimuuze yule mbuzi mweusi.”

Mama Yohana akasema taratibu, “Sikumuuza, mwanangu. Alizaa mapacha.” Ndipo akalia, na wanawake wote wakamzunguka wakalia naye. Matanga ya Yohana yakaanza pale pale, kwa pombe yetu.

Wanasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nilipokua nilianza biashara na baiskeli moja, nikibeba maharage ya watu kwenda Kasulu. Leo nina malori mawili na mashine ya kukoboa Kibondo, na kwenye harusi nikipewa kipaza sauti sikirudishi upesi. Nakubali, najitembeza, na nina cha kutembeza. Mkuki ule nimeutundika sebuleni, juu ya televisheni ambayo wilaya nzima haina kubwa kuliko hiyo. Wageni huniuliza uliua wangapi. Zamani ningewaambia ishirini. Sasa nawaambia huu haukuua mtu. Ulimrudisha Yohana kwao.