Siku Simu Iliponinyamazia Mgeta

Cheka ukitaka, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, na mwanangu akiwa mgongoni.

Nilikuwa nampeleka binti yangu akamwone bibi yake huko milimani Mgeta. Mama mdogo alikuwa anipokee pale gari linapoishia, tupande pamoja kwa miguu. Sasa, siku zile simu yangu ilikuwa imejiapdeti yenyewe. Nani aliiomba? Mtu akikutumia meseji mfululizo, ya kwanza inalia, inayofuata inapunguzwa sauti, zilizobaki zinamezwa kimyakimya. Eti nisisumbuliwe! Nilikuwa nimegombana nayo mpaka nimechoka.

Niliposhuka garini, ukungu ulikuwa umetanda. Simu ikalia mara moja. Kabla sijaitazama, mama mdogo akatokea mbele yangu.

"Shikamoo, mama mdogo."

Hakuitikia. Alisema tu, "Twende," akatangulia. Niamini, hajawahi kuiacha shikamoo yangu ikining'inia hewani. Lakini nilikuwa nimechelewa, na mkubwa akinuna utamuuliza nini? Nikaichomeka simu kwenye fundo la khanga, nikamfuata.

Tulipanda mpaka njia ikawa siijui. Kwenye ukingo wa korongo akageuka, akanyoosha mikono.

"Nipe mtoto. Umechoka."

Na kweli nilikuwa nimechoka. Nikaanza kulegeza fundo, simu ikaniangukia mkononi, kioo kinawaka. Meseji zimejipanga, zote za mama mdogo, na zaidi ya ile ya kwanza sikuisikia hata moja. Ya mwisho ilisema: "Mwanangu uko wapi? Mie nipo hapa linaposimama gari, nakusubiri."

Nikainua macho. Mikono ilikuwa bado imenyooshwa.

Nilikaza fundo nikashuka mbio, nikiteleza, nikiita jina la Mungu. Nyuma yangu, karibu kabisa na sikio, sauti ya mama mdogo ikasema taratibu, "Marahaba."

Mama mdogo mwenyewe nilimkuta kule chini linaposimama gari, amejitanda khanga mpaka puani. Nililia mbele za watu bila aibu.

Tunakaa Mzinga, chini ya milima hiyohiyo. Mpaka leo, ukungu ukishuka mlimani, binti yangu huinua mikono yote miwili kuelekea dirishani, kama mtoto anayetaka kubebwa. Namfunga mgongoni, nafunga na dirisha.

Wewe unayenisoma, kizime leo hicho kitu kinachonyamazisha meseji. Acha simu ipige kelele. Wanaokutafuta kwa fujo ndio wenye uchungu na wewe.