Alama Juu ya A

Zilpah Kageha alikuwa mpiga taipu wa barazani Kakamega mjini. Kama uliwahi kupeleka barua ya kuomba kazi kupigwa taipu miaka ile ya tisini, huenda ulimkuta: mwanamke mnene wa makamo, sweta ya kijani, miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, na ulimi mkali kwa yeyote aliyethubutu kumwambia aharakishe. Kazi ya ofisini ilimtoka mwaka wa tisini na tatu, serikali ilipopunguza watu wake. Alinuna wiki moja, kisha akapata nafasi ya meza moja mbele ya duka la nguo, akatua mashine yake hapo.

Mashine yenyewe aliachiwa na Sista Teresa, mtawa Mhispania aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuwa na kibonye ambacho mashine nyingine za mjini hazikuwa nacho. Ukikigonga, kinaacha mkwaju mdogo hewani, lakini kile kigari kinachobeba karatasi hakisogei, kinakungoja. Gonga a baada yake, nayo inaangukia chini ya mkwaju, unapata á. Mpiga taipu wa meza ya pili aliiona ni kasoro, akamshauri amwite fundi.

Zilpah hakumwita fundi. Sista Teresa alikwisha kumweleza kwamba kwa Wahispania á inakwambia ulemee hapo, usiipite sauti hiyo juujuu. Kisha akaja injinia mmoja Mhungaria wa kiwanda cha sukari, ambaye mwandiko wake ulikuwa mbovu hata mkewe hausomi. Barua zake zilianza na neno drága, mpendwa, na Zilpah alizipiga herufi kwa herufi jinsi alivyotajiwa, bila kuelewa chochote zaidi ya hilo, ambalo kwa maoni yake lilitosha. Injinia alimwambia kwao á si a iliyovishwa pambo. Ni herufi kamili, ndefu, yenye kiti chake katika alfabeti. Halafu kulikuwa na Padri Seán, Muairishi, ambaye hakukubali jina lake lipigwe tupu. Kwao alama hiyo huivuta sauti, na ikikosekana, alisema akicheka, jina lake linakuwa neno la kumwita mtu mzee, na yeye bado alikuwa na meno yote. Basi Zilpah akawa anajua siri ya kamkwaju kale kuliko mtu yeyote mjini, na majivuno kidogo hayakumkosa.

Mapema mwaka wa tisini na sita alikuja Mwalimu Hezekiah, mstaafu wa kule Khayega. Alibeba madaftari kumi na moja ya maneno ya Kiisukha, lugha ya kwao, aliyoyakusanya kwa miaka ishirini. Alitaka yapigwe taipu, na kwake yeye á ilikuwa na kazi nyingine kabisa: sauti ipande hapo. Madaftarini hakuwa ameweka alama hata moja. Alipoulizwa kwa nini, alishangaa. Aandike ya nini kitu anachokisikia kichwani kila siku?

Kwa kuwa mkwaju hugongwa kabla ya herufi, Zilpah alikataa kupiga neno ambalo hajalisikia. "Litaje kwanza, Mwalimu," alisema, na huo ukawa mtindo wao. Jumanne na Ijumaa mzee aliketi kando ya meza, akataja neno, Zilpah akasikiliza, akagonga. Mkewe, Mama Jescah, alikuja naye kila mara na chupa ya chai, akakaa kwenye ngazi akiambua maharagwe. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Walipofika daftari la saba, sauti ya Mwalimu ilikuwa imekauka. Zilpah alidhani ni mafua. Ijumaa moja, mzee alipokwenda posta, Mama Jescah aliacha maharagwe yake akasogea.

"Mwanangu, huyu hana mafua," alisema. "Ako na uvimbe hapa kooni. Daktari anataka kukata, aondoe sauti yote. Wamempa kitanda mara mbili, mara mbili amekataa. Anasemanga mpaka maneno yaishe."

"Na daktari anasemaje?"

"Anasema Agosti ikipita, asisumbuke kurudi."

Ilikuwa mwisho wa Juni. Madaftari yaliyobaki yalikuwa manne, na kwa mwendo wao yangewafikisha Oktoba. Zilpah aliyatazama mawili yaliyokuwa mezani na akajisikia vibaya sana. Yeye ndiye aliyedai kila neno litajwe. Ukaidi aliojivunia ndio uliokuwa unamweka mtu huyu mbali na kitanda chake.

Siku iliyofuata alipiga kurasa tatu peke yake, kwa sikio lake mwenyewe. Alizaliwa Khayega, alijiambia, atashindwaje? Lakini mama yake alikuwa Mmaragoli, na lugha aliyonyonya ilikuwa ya mama. Jumanne Mwalimu alizisoma zile kurasa, akakwaruza nusu nzima kwa kalamu.

"Hii ni ya kwa kina mama yako," alisema kwa ile sauti ya kukwaruza, bila hasira. "Tuanze upya."

"Mwalimu, nenda hospitali kwanza."

Alimtupia mkewe jicho, akaelewa nani amesema. "Nikienda, haya yatatajwa na nani? Mama yangu alikufa. Ndugu zangu wamekaa Nairobi mpaka wanaongea kama redio. Piga, binti yangu."

Akataja neno, akataja la pili, la tatu likamkwamia. Alikohoa mpaka akashika ukingo wa meza. Zilpah alingoja na kidole juu ya kibonye. Ndipo neno likatajwa, taratibu, limekamilika, kutoka kwenye ngazi. Mama Jescah hata hakuinua macho kutoka kwa maharagwe.

Mwalimu alitikisa mkono. "Usipige hilo. Jescah ni wa Bunyore."

Kwa watu wa pande hizi jambo hilo halihitaji maelezo zaidi. Mke huolewa kutoka mbali, kutoka kwa watu wengine, na hata akikaa nusu karne, akazaa, akazika wakwe, maneno yake huhesabiwa ni ya kwao. Zilpah alikulia ndani ya desturi hiyo, akamsikia mamake akichekwa kwayo mpaka uzee. Siku hiyo ilimkera.

"Mama, umekaa Khayega miaka mingapi?"

"Arobaini na mbili."

"Na Kiisukha ulifunzwa na nani?"

"Na mama yake huyu. Jikoni. Nikikosea alikuwa ananirudisha mpaka niseme sawasawa, ndio anipe mwiko."

Zilpah aliligeuza daftari likaelekea ngazi. "Mwalimu, geuka utazame barabara. Usiseme kitu. Sikiliza ukurasa mmoja tu, nami nitakuacha."

Aligeuka, kwa sababu kikohozi kilikuwa kimemmalizia nguvu za kubishana. Mama Jescah alipangusa mikono kwenye leso, akasoma, neno moja moja, akipandisha hapa, akishusha pale, jinsi alivyorudishwa jikoni kwa mwaka mzima akiwa bibi arusi. Mstari wa sita au wa saba, mabega ya Mwalimu yakaanza kutetemeka. Zilpah aliogopa kwamba ni kikohozi tena. Haikuwa hivyo. Mzee alikuwa analia.

"Huyo ni mama," alisema. "Ni mama kabisa. Endelea."

Wiki ya pili alienda hospitali, mwana wao mkubwa akamsindikiza. Sharti lake lilikuwa Jescah abaki na madaftari. Wanawake wale wawili waliyamaliza katika wiki saba, wakifanya kazi kila siku isipokuwa Jumapili, na Zilpah hakumfokea mtu hata mmoja, jambo ambalo jirani yake wa meza alilizungumzia kwa muda mrefu.

Mwezi wa Oktoba Zilpah alipeleka kurasa Khayega, zimefungwa kwa kamba. Mwalimu alikuwa amekonda, kitambaa shingoni, sauti hana tena. Aliweka rundo magotini akalifungua. Kila alipoweka kidole, Mama Jescah, amesimama nyuma ya kiti, alilitaja neno. Alionyesha neno la maji, akaletewa maji. Alionyesha la kiti, Zilpah akakaa. Alikuwa akicheka bila sauti, kama mtoto aliyepewa kitu cha kuchezea.

Kisha akafunua mbali, akatafuta, akaweka kidole juu ya orio, lile neno letu la kushukuru. Mama Jescah alimgeukia mgeni, akafungua mdomo amtajie. Mwalimu alitikisa kichwa. Aliuinua mkono kutoka kwenye karatasi, akamwelekezea yeye mkewe, kisha akarudisha kidole pale pale juu ya neno.

Mama Jescah alilitazama. Hilo hakulitaja. Alivuta kigoda, akaketi karibu naye.