Mgonjwa Mmoja, Kampuni Mbili

Madereva walimwita Sauti, kwa kuwa wengi wao walimjua kwa redio tu. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mcheshi akiwa na watu wake, lakini akishavaa vile vipokea sauti kichwani hugeuka mtu mwingine: hapandishi sauti, haishushi, haharakishi neno. Kazi yake ilikuwa katika chumba cha simu za dharura cha halmashauri, nyuma ya idara ya afya, dirisha likitazama uwanja wa kuegesha magari. Mtu akianguka, akiungua, akishikwa na uchungu kabla ya siku zake, simu ililia kwake, naye akatuma gari la wagonjwa.

Magari yenyewe hayakuwa ya halmashauri. Yalikuwa ya kampuni iliyopewa kazi hiyo miaka mingi nyuma, na mmoja wa madereva wake alikuwa mume wa Sauti. Wenzake walimbandika jina la Breki, kwa kejeli, maana walidai kifaa hicho hakijui.

Mwanzoni kampuni ilifanya kazi ya kusifika. Kisha magari yakaanza kupungua. Moja likifa halirudi barabarani, na yaliyobaki yalitembea kwa dua. Watu wakalalamika, madiwani wakachachamaa, na kamati ya afya ikaitisha kikao cha wazi kuamua kama mkataba uongezwe au kazi itangazwe upya. Sauti akaitwa kutoa maelezo.

"Mama, wewe ndiye unayeyatuma magari," mwenyekiti alimwambia. "Hebu tueleze. Yanafika?"

Ukumbi ulifurika. Breki alikuwa kakaa nyuma na madereva wenzake, sare zimepigwa pasi. Sauti aliikazia macho meza.

"Mengine yanafika," alisema. "Mengine yanazimika njiani. Kuna wagonjwa nimewaambia gari linakuja, na huku moyoni najua haliji."

Baada ya kikao hicho zabuni ikatangazwa, kampuni nyingine ikashinda, na nyumbani kwa Sauti kukaingia baridi. Breki hakugomba. Angegomba ingekuwa afadhali. Alisalimia, alikula, alimuuliza binti yao habari za shule, kisha akageukia ukuta. Mama mkwe alijaribu kusuluhisha, akaishia kusema, "Wanangu, siku hizi nyumba hii hata paka anatembea kwa kunyata."

Ikafika siku ya makabidhiano. Makubaliano yalikuwa kwamba kampuni ya zamani ihudumie hadi saa sita mchana, na mpya ipokee hapo hapo, magari yake yakishakaguliwa na kuidhinishwa. Asubuhi hiyo magari mapya yalijipanga uwanjani, yanang'aa, na Bwana Afya akiyazunguka moja baada ya jingine, anafungua milango, anapima mitungi ya oksijeni.

Jua halijapanda vizuri, redio ikakoroma. Alikuwa mwenye kampuni ya zamani.

"Magari yote yarudi yadi, sasa hivi! Waliotuvua nguo mbele za watu, leo watautambua umuhimu wetu."

"Mzee, muda wenu haujaisha bado," Sauti alisema.

Hakujibiwa. Na hapo ndipo simu ilipolia.

"Fundi vioo!" mwanamke alipiga kelele. "Hapa kwenye jengo jipya la viwandani! Kaangukiwa na kioo, paja limepasuka, damu inaruka!"

"Dada, nisikilize mimi. Chukua kitambaa chochote, kikunje, ukandamize kwa viganja vyote viwili. Usichungulie. Kandamiza tu. Natuma gari."

Akageukia redio. "Gari lolote lililo karibu na viwandani, jibu."

Kimya. Akarudia. Kimya tena. Alijua wote wanamsikia, kila mmoja ndani ya gari lake, akisubiri mwenzake aanze.

"Namba mbili," sauti ikasema. "Niko karibu. Nageuza."

Alikuwa mumewe.

"Namba mbili, rudi yadi!" mwenye kampuni alifoka. "Ukienda huko, mimi na wewe basi!"

"Namba mbili," alisema Sauti, "mpaka saa sita amri inatoka chumba hiki. Endelea." Sauti yake haikutetemeka.

Baada ya muda uliomlemea, Breki akasema tena. "Tumempakia. Mhudumu kalifunga paja. Kapauka, lakini anaongea."

Sauti akashusha pumzi, na hata hakuimaliza.

"Sauti." Redioni naye alimwita hivyo hivyo. "Gari limechemka. Limezima katikati ya mlima wa hospitali. Haliwaki."

Hapajawahi kuwa na mtu aliyetamani kuonekana mwongo kama alivyotamani yeye wakati ule. Alivua vipokea sauti, akasukuma dirisha.

"Bwana Afya! Nipe gari moja! Namba mbili limezima mlimani, na mgonjwa yumo!"

"Sijayaidhinisha, mama! Likipata ajali, shingo ni yangu."

"Hilo la mwanzo si umeshalikagua?"

"Nimelikagua, ila sijatia sahihi."

"Damu haingoji sahihi, baba!"

Bwana Afya alilitazama gari, akamtazama mama yule aliyetoa nusu ya mwili dirishani. Kisha akapiga mlango wa dereva kwa kiganja. "Nenda! Lawama niachie mimi."

Yaliyotokea mlimani Sauti aliyasikia tu, maana Breki aliiacha redio wazi. Alisikia king'ora kikikaribia, milango ikifunguliwa, madereva wa kampuni mbili wakielekezana kama waliofanya kazi pamoja miaka: "Shika upande wa kichwa. Taratibu. Inua." Alisikia fundi akilia kwa maumivu, machela ikigonga chuma. Kisha mlango ukafungwa, king'ora kikapanda mlima.

"Amehama," Breki alisema. "Wameondoka naye."

Fundi alipona. Daktari alisema kuwa angechelewa kidogo tu, yangekuwa maneno mengine.

Jioni Breki aliingia kwa miguu, shati lina damu. Alisimama mlangoni mwa jiko.

"Fundi yupo?" aliuliza.

"Yupo."

Akavuta kigoda. "Uliyoyasema kikaoni ni kweli. Mimi ninayelisukuma lile gari kila siku, nisijue? Ila ningeyasikia kwako kwanza, mama. Nimeyasikia pamoja na watu baki."

Sauti alikuwa ametunga majibu mengi tangu siku ile. Yote yalimtoka kichwani, likabaki moja.

"Niliogopa utaniomba ninyamaze. Na ungeniomba, ningenyamaza."

"Ningekuomba," Breki alikiri.

Kazi nyingine hakuipata upesi. Kampuni mpya ilichukua baadhi ya wenzake, lakini yeye aliyekaidi amri ya bosi walimwogopa kidogo, hata kama amri yenyewe ilikuwa ovu. Miezi ilipita kabla hospitali haijamchukua kuendesha gari la kusambaza dawa.

Lakini siku chache baada ya mkasa, mume na mke walikwenda pamoja wodini kumjulia hali fundi vioo. Walimkuta akiwatambia wagonjwa wenzake.

"Mimi si mtu wa kawaida," alikuwa akisema. "Halmashauri ilinikabidhi rasmi kutoka kampuni moja hadi nyingine, barabarani, mchana kweupe! Kilichokosekana ni mhuri tu."

Breki alicheka mpaka muuguzi akamwonya. Kisha akasogea hadi ukingoni mwa benchi alilokalia, akaipapasa nafasi iliyobaki kwa kiganja, mkewe akaketi.