Kwaya Iliyotaka Kuwahi Basi

Juzi nilikuwa kwa fundi redio, Iringa mjini, alipoingia mwalimu wa kwaya kutoka Mbeya na utepe wa nyimbo zao. Alitaka zinakiliwe kwenye kaseti kabla basi halijaondoka.

"Nyimbo za saa moja hunakiliwa kwa saa moja," fundi akasema.

"Ongeza mwendo, bwana."

Fundi akauzungusha utepe kwa kasi maradufu. Kaseti ilipojaribiwa, ikalia kama vifaranga.

"Nani huyo?"

"Waimbaji wako wa besi, mwalimu."

Kazi ikaanza upya. Basi likaondoka, naye mwalimu akakaa saa nzima akisikiliza, kisha akaniambia taratibu, "Kumbe hata kwa mwendo wa kawaida tunaimba vibaya."

Nadhani wengi wetu tunapenda haraka kwa sababu hiyo: tusipate nafasi ya kujisikiliza.