Marahaba ya Bi Mwanakhamis

Kila asubuhi Mizuki akifika mlangoni mwa ukumbi wa jimnastiki, huinama mpaka paji la uso likaribie magoti. Ni bingwa wa vijana wa Japani, ameletwa Birmingham kufanya mazoezi baada ya kuvunjika kifundo cha mguu na kukosa msimu mzima.

Bi Mwanakhamis, msafishaji wa ukumbi, mtu wa Unguja anayeishi mtaa wa Castle Vale, humjibu palepale na fagio lake mkononi: "Marahaba, mwanangu." Akirudi nyumbani huwasimanga wanawe: "Mtoto wa Kijapani ana adabu, nyinyi mnanipita kama nguzo!"

Jana Jaswinder wa mapokezi, aliyezaliwa Nairobi, alicheka. "Mama, si wewe anasalimia. Huko kwao wanainamia ukumbi. Hata kukiwa hakuna mtu."

Bi Mwanakhamis alikasirika, asijue amkasirikie nani. Ukumbi? Zege na magodoro? Yaani muda wote huu alikuwa akiitikia salamu ya ukuta? Sasa mbona yule mtoto alikuwa akimtabasamia?

Leo Mizuki anarudi kwao kushindana. Alipomaliza kuaga wenzake, alisimama mlangoni, akaugeukia ukumbi, akainama. Bi Mwanakhamis akampa mgongo, akaendelea kupangusa boriti ya mazoezi, mdomo kaufunga. Alipogeuka, binti bado ameinama, begi linamteleza begani, wala hainuki.

"Haya, marahaba!" akafoka.

Ndipo Mizuki akainuka.