Bata Mzinga wa Matar Lazima Aanguke Hai

Mume wangu Matar alikuwa hajapata kushika bunduki maisha yake yote. Nalisema hili mapema kwa sababu yeye alimwambia Fortunat kwenye simu, mimi nimekaa hapo hapo nakunja nguo, kwamba kule Pemba alikuwa akiwinda tangu utotoni. Kuwinda nini? Alikuwa akiwarushia kunguru mawe, na hao kunguru hata hawakuwa wakiruka. Nilimkazia macho, akageukia ukutani akijifanya anatafuta mtandao.

Fortunat ni baba wa mume wa binti yetu Siham. Ni Mkongomani wa Bukavu, Mkristo, anaishi Missouri, Marekani, na anafanya kazi kwenye kiwanda cha milango. Mwanawe alisilimu, akajiita Mahir, akamuoa Siham hapa hapa Woolwich, huku ughaibuni tunakoishi. Siku ya harusi Matar alikataa kula. Eti hajui nyama imechinjwa na nani, na hali nyama yenyewe ilitoka bucha lile lile tunalonunua sisi kila Ijumaa. Akakaa meza ya mbele na paketi ya krispi anazitafuna, na Fortunat pembeni yake kashika sahani mbili, moja yake na moja aliyompakulia Matar. Ile ya pili ilipoa mkononi mwake. Wallahi niliona aibu nikakosa pa kuuweka uso.

Sasa Siham ana mimba ya miezi mitano, naye kahamia huko huko Missouri. Fortunat akapiga simu: Matar aende mwezi wa nne, ndio msimu wa bata mzinga wa porini, wawinde pamoja, wapike, wale sahani moja. Siham naye akanipigia mimi, analia. "Mama," akasema, "baba akikataa kula mara ya pili, mimi sitakuwa na uso wa kukaa na watu hawa."

Nikampa Matar maneno yale yale, bila kupunguza. Akasema atakula, ila kwa sharti moja: bata amchinje yeye kwa mkono wake, na bata awe hai. Alikwishamuuliza sheikh, akajibiwa kwamba wanazuoni wamehitilafiana kuhusu ndege aliyekufa kwa marisaa, zile punje za risasi. Na Matar ninavyomjua, penye hitilafu yeye hukimbilia upande mgumu, apate cha kulalamikia.

Basi nyumba ikawa haina amani. Kazi yake ni kuendesha kibasi kinachowapeleka wazee kwenye kituo chao cha kushinda mchana, na huko njiani kila abiria akawa mtaalamu wa mawindo. Bi Kokila, mzaliwa wa Kampala, wa miaka themanini na saba, alimshauri aache bunduki achukue wavu. Mimi niliona ndiye peke yake mwenye akili kwenye lile basi.

Usiku na mchana akawa anasoma habari za choki. Choki, kwa asiyejua, na mimi sikuwa najua wala sikuomba kujua, ni kipande cha chuma kama bomba fupi, hufungwa kwenye mdomo wa bunduki. Ikiwa nyembamba, marisaa hutoka yameshikamana na kwenda mbali. Ikiwa pana, hutawanyika. Matar akapiga hesabu zake: yakitawanyika yatampiga bata kidogo kidogo, ataanguka akiwa na roho yake, naye atafika na kisu. Akaagiza choki pana kuliko zote kwenye mtandao, maana hapa chuma kile hakihitaji kibali, bunduki na risasi ndizo zinazohitaji kibali. Ilipofika akaitia kidoleni aione inavyong'ara, ikagoma kutoka. Tulitumia sabuni, tukatumia samli, na mwisho nilimwekea mguu kifuani nikavuta. Sikumhurumia hata kidogo.

Jumamosi nikaenda naye Kent, kwenye kiwanja ambako mtu asiye na kibali hufundishwa kulenga akiwa na msimamizi. Mwalimu alikuwa Bwana Ravinder, Singasinga wa Nakuru, kilemba kimenyooka na Kiswahili chake kinatoka bila kusita. Akaitazama ile choki, akamtazama Matar, akauliza kama anataka kumuua bata au kumtisha. Kisha akaeleza kwa upole. Bata mzinga ana manyoya mazito kifuani na mifupa migumu ya mbawa, kwa hiyo hapigwi mwilini, hulengwa kichwa na shingo. Choki iwe ya kubana, risasi iwe ya marisaa mazito, na bata asiwe mbali zaidi ya hatua arobaini. Na kabla ya yote, mtu ajaribu kwanza kwenye karatasi, aone marisaa yake yanaangukia wapi.

Karatasi tulikuwa nayo. Matar alichora bata kwenye kipande cha karatasi ya ukutani kilichobaki chumba cha Siham, mwenye maua ya waridi tumboni na macho ya mtu anayedai kodi. Wakamweka hatua arobaini. Matar akafunga choki yake pana, akapiga bismillahi, akafyatua. Kisha, kabla hatujajua kinachoendelea, akaweka bunduki chini, akachomoa kisu changu cha jikoni kutoka kwenye soksi, akakimbia kuelekea kwenye karatasi.

Mtu wa miaka sitini na mbili anakimbia na kisu katikati ya uwanja wa bunduki. Filimbi zikalia, kila mtu akashusha silaha, Ravinder akamfuata mbio na kilemba chake. Mimi niliangalia upande wa maegesho, nikajifanya nimekuja peke yangu.

Walipofika kwenye picha, Matar alihesabu matundu kumi na moja tumboni na mawili kwenye bawa. Kichwani hapakuwa na kitu. Akafurahi: si yuko hai? Ravinder akamwambia ndiyo, yuko hai, amekimbilia kichakani na marisaa tumboni, atakaa humo siku mbili au tatu mpaka afe, na hakuna atakayemchinja wala kumla.

Mume wangu ni mbishi, lakini hajapata hata kumpiga paka teke. Alirudi pale kwa Ravinder, akaomba choki ya kubana, akapiga tena kwenye karatasi mpya. Tisa kichwani na shingoni, bata wa kufa papo hapo. Njiani kurudi, tulipovuka mto Medway, akasema hawezi kumtesa kiumbe kwa ajili ya tumbo lake. Nikamuuliza, na Fortunat je, utakula naye? Akasema hajui.

Akaenda Missouri hivyo hivyo, hajui. Mimi likizo yangu naiwekea mtoto wa Siham atakapozaliwa, kwa hiyo nilikuwa kazini kwangu kwenye nyumba ya wazee, nawapa chai ya saa kumi Siham aliponipigia kwa video. Akanisimulia haraka haraka. Bata alikuja alfajiri, Matar akapiga mara moja, akakimbia na kisu. Alimkuta ameshakufa, hakutikisika hata unyoya. Akaketi chini karibu naye na kisu mapajani, na Fortunat akamwona.

Kisha Siham akageuza simu, nikaona uwanja wa nyuma ya nyumba. Fortunat kainama kamshika bata mzinga wa kufugwa, mkubwa, mzima, anapiga kelele za kujaza uwanja. Kumbe Siham alimwambia kila kitu wiki mbili kabla, naye akaenda kwa mfugaji. Bata kamwelekeza kibla, kakitafuta mwenyewe kwenye simu yake.

"Papa Matar, chinja," akasema. "Mikono yangu imechoka."

Matar akakishusha kisu.

"Siku ile ya harusi," akasema, "nyama haikuwa na neno. Nilikuwa nakukataa wewe."

Fortunat hakuinua kichwa, alikuwa anahangaika na miguu ya bata.

"Nilijua," akasema. "Ndiyo maana nimekuita."