Jozi Kumi na Moja za Fundi Sadallah

Saa nane mchana, Jumamosi. Njia ya kutoka Kurasini kwenda uwanja wa mpira wa Temeke imefurika watu, vibanda vya uji vimefungwa, na Fundi Sadallah Pazi ameinamia makubazi ya mkewe. Ameyashona juzi, akayafumua, leo anayashona tena. Hana kiatu kingine cha kushona.

Watu wanapita. Wengine wanakaza shingo kama hawamwoni, ingawa kibanda chake kiko hatua chache tu kutoka njiani. Kuli mmoja, kifua wazi na fulana begani, anasimama kabisa, anatema mate karibu na gogo la fundi.

"Msaliti! Radi wa Ilala wamekupa nini, eti?"

Sadallah hainui macho. "Pita, baba. Njia si yangu."

Miezi mitatu tu nyuma, kuli huyo huyo alikuwa akimletea kashata. Mashabiki wote wa klabu ya Mwangaza walikuwa na desturi ya kupitia kwa Sadallah kabla ya mchezo, wagonge ubao wa kibanda mara moja kwa baraka, waulize, "Fundi, leo vipi?" naye awajibu, "Leo tunawala nyama!" Ubao ule umechakaa kwa kugongwa. Leo hakuna anayeugusa.

Sadallah ni Mzaramo wa hapa hapa, mtu wa miaka hamsini na ushei, mfupi, mwenye ulimi mkali. Kazi ya viatu alifundishwa na Mhindi mmoja wa mjini, aliyemtwanga makofi ya kutosha na kumwachia sharti moja: kiatu hutoka kwa mkono uliokileta. Akija mke kuchukua cha mume, hapewi. Akija kaka, hapewi. "Nilidhani ni ubahili wa mzee yule," anasema Sadallah. "Kumbe duniani kuna watu wanaouza viatu vya ndugu zao, we!"

Klabu yenyewe, Mwangaza, aliipenda kabla haijawa na jina. Tangu vijana walipokuwa wakipiga mpira wa matambara nyuma ya maghala, yeye alikuwepo. Walipopata viatu vya njumu, yeye ndiye aliyevitengeneza. Kila baada ya mchezo wachezaji walimwachia jozi zao abadilishe njumu zilizolika na kuzipaka mafuta, kila jozi imefungwa kwa ukili, kamba ya ukindu, wa rangi yake. Mwenyewe hazichanganyi hata akiwa amefumba macho.

Balaa lilianza nusu fainali. Theonest, senta hafu kutoka Bukoba, mrefu, mpole, kuli wa bandarini siku za kazi, aligongwa mguu wa kulia ukavunjika chini ya goti. Uwanja mzima ulisikia. Wakamtoa kwa mkokoteni wa kubebea mbao, watu wakamwimbia, na mchezo ukaendelea. Mwangaza wakashinda, watu wakacheza ngoma hadi Keko.

Theonest hakucheza ngoma. Bandarini wakamwambia asiyeweza kubeba hana kazi. Chama cha ligi, ambacho ndicho kinachokusanya viingilio mlangoni, kikasema mpira ni starehe ya jioni, na anayeumia kwenye starehe yake ajitibu mwenyewe. Akabaki kitandani kwa mjomba wake, mguu umefungwa vijiti na mganga wa mtaani.

Ndipo nahodha Fransis akawakusanya wenzake. Wakasema hawaingii uwanjani, fainali au si fainali, mpaka chama kikubali kuwatibu wanaoumia na kuwatunza hadi wapone. Mgomo wa makuli wa mwaka juzi hakuna aliyeusahau, na wengi wa vijana hawa walikuwemo. Kugoma wanakujua.

Mashabiki ndio waliopandwa na wazimu. Fainali dhidi ya Radi ya Ilala! Miaka yote Radi wamekuwa wakiwaita watu wa Temeke "wala chaza". Kwenye vijiwe vya kahawa ikawa matusi matupu. Mmoja alisema wachezaji wamelishwa dawa. Mwingine akasema Theonest mwenyewe aliutega mguu makusudi. Mtu anautega mguu wake uvunjike! Maneno hayo yalisemwa na watu wazima wenye ndevu.

"Mkuki kwa nguruwe," anasema Bi Mwajabu, anayekaanga vitumbua mkabala na kibanda cha fundi na ambaye hajawahi kukosa mchezo. "Mguu wa mtoto wa watu umevunjika, wao wanalilia kikombe cha bati. Ungekuwa wako huo mguu, ungesema nini? Lakini ukiwaambia, wanakununia, hata vitumbua hawanunui."

Na Sadallah je? Alikuwa upande wa wachezaji? Hata kidogo. Aliwatukana kuliko wote.

"Niliwaambia mbele ya kadamnasi, nyie ni wavivu na wajinga," anakiri bila haya. "Nilimwambia Fransis, kikombe kwanza, mguu baadaye. Mie nimeisubiri fainali ile ujana wangu wote. Aligeuka akaenda zake."

Ila jozi kumi na moja zilikuwa kibandani mwake, zimening'inia kwenye misumari kwa ukili wake, kwa kuwa zilikwishaletwa baada ya nusu fainali kama kawaida. Ya Theonest ilikuwemo. Kiatu cha kulia kilikuwa kimechanika ubavuni.

Viongozi wa klabu wakaamua kuingiza timu ya pili. Vijana walikuwepo, mbio wanazo, lakini walikuwa wamezoea kucheza peku. Chama kikatoa amri: siku ya fainali mgeni wa heshima ni Mzungu mkubwa, kwa hiyo mwenye kuingia peku hachezi. Mtaa mzima ukapekuliwa, zikapatikana jozi nne, moja kati ya hizo kubwa kama mtumbwi.

Ijumaa alasiri, baada ya sala, wakaja. Mbele alikuwa Polikarpo, katibu wa klabu, karani wa ofisi moja ya forodhani, kijana msafi mwenye adabu. Nyuma yake mashabiki kama sitini.

"Shikamoo, Mzee Sadallah."

"Marahaba. Karibuni. Mbona kundi zima, mna msiba?"

"Tumefuata viatu, mzee. Tunaviazima kwa kesho tu, Jumapili vinarudi kwenye misumari yake."

"Wenyewe wamesema hivyo?"

"Wenyewe wamegoma, mzee. Wewe si umewatukana? Wewe si mwenzetu?"

"Nimewatukana, na nitawatukana tena. Wametudhulumu. Lakini viatu ni amana, Polikarpo. Ningekupa changu, ningekupa hata hiki nilichovaa. Hivi si vyangu."

Watu wakaguta. Mmoja akasema wavivunje hivyo vibao wajichukulie. Hapo mkewe fundi, Bi Mwanabaraka, akatoka nyuma na mwiko mkononi, akakaa mlangoni pa kibanda, miguu ameinyoosha, akasema atakayemruka mwanamke amruke. Hakuna aliyemruka. Wakaondoka wakimtukana mama yake fundi, ambaye ni marehemu.

Kesho yake Sadallah alikwenda uwanjani kama mtu mwingine yeyote. Akasimama nyuma ya goli. Radi wakaingia wamepangwa sawasawa, wakapiga mpira katikati, wakauvingirisha hadi golini mwa Mwangaza pasipo mtu, maana timu ya pili ilizuiwa kwa kukosa viatu, refa akapuliza kipenga. Wakapewa kikombe. Watu wa Ilala wakaimba nyimbo ambazo haziwezi kuandikwa gazetini.

"Nililia," anasema. "Mie, mtu mzima, nililia mbele za watu. Na wakati nalia, mtu akanipiga konzi kisogoni akaniambia, lia vizuri, hayo ni matunda yako."

Tangu siku hiyo kibanda kimehamwa. Zamani alirudi nyumbani na shilingi mbili au tatu kwa siku. Wiki hii yote amepata thumni moja, kutoka kwa mpita njia wa Mbagala asiyejua habari. Watu wanapeleka viatu hadi Kariakoo kwa miguu. Wako wanaoona afadhali kutembea peku.

Wachezaji nao hawajaja kumshukuru. Asante ya punda, mtu angesema, lakini Fransis, aliyekutwa Kurasini akipakua magunia, ana maneno yake. "Alitutukana tukiwa na mgonjwa ndani," alisema. "Hilo bado linauma. Na viatu hatuendi kuvichukua kinyemela. Tutavifuata siku tunayoingia uwanjani, wote kumi na moja, mchana kweupe."

Siku hiyo bado haijulikani. Chama kimewafungia msimu mzima. Mguu wa Theonest umeunga vibaya, umepinda, na anatembea kwa gongo.

Sadallah anajua. Hata hivyo kila Ijumaa anaziteremsha jozi zote, anazipaka mafuta ya ng'ombe ngozi isikauke, anazirudisha. Kiatu cha kulia cha Theonest amekishona upya ubavuni, mishono midogo midogo, kazi safi kuliko zote zilizomo humo. Alipoulizwa cha nini, alikasirika.

"Cha nini, cha nini! Kililetwa kimechanika. Nikiache kimechanika?"

Alasiri inasogea. Kelele za uwanjani zinafika hadi kibandani, Radi wanacheza na timu ya mabaharia, na Sadallah anatega sikio bila kutaka. Anaulizwa anatumaini nini. Anaweka makubazi ya mkewe chini.

"Natumaini chama kitawakubalia. Basi. Waje hapa, kila mtu achukue chake kwa mkono wake, na Theonest aje na gongo lake, achukue chake pia, akitundike kwake. Mie ndipo nitafunga kibanda, niende uwanjani, nisimame nyuma ya goli."

Anaokota sindano.

"Halafu niwazomee mpaka sauti inikauke. Maana wamenikosesha kikombe, wale wanaharamu, na hilo sijawasamehe."